Masahihisho

Swali la nne, Sayansi, darasa la tatu:
Taja vyanzo vitatu vya maji.
Mwanangu Lushinge akaandika kwa penseli butu,
ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo:
ziwa.
mvua.
mama.

Viwili vimepata vema. Cha tatu
kimepigwa kosa, jekundu,
wino umekandamizwa hadi ukatokea ukurasa wa nyuma,
na chini yake: Fanya masahihisho mara tano.
Mzazi aweke saini.

Nimesoma nikiwa nimesimama,
ndoo bado kichwani, kata ya khanga inachuruzika.
Kufika hapa nimepanda mawe mia moja na arobaini,
nayajua moja moja kama meno yangu:
lile linaloteleza, lile la kupumzikia,
lile analolalia mbuzi wa mama Ng'walu, hapishi mtu.
Nyumba yetu imeegemea jabali huku Mabatini;
jabali ndilo ukuta wa jikoni,
ukuta usiodai sementi.
Ukisimama mlangoni unaliona ziwa,
pana, limelala, limeshiba,
linametameta kama sahani ya mtu mwingine.
Bomba letu lilikohoa Jumanne.
Tangu hapo limenyamaza.

Nilitaka kucheka. Nikataka pia kushuka
hadi shuleni na ndoo yangu hii hii,
niitue mezani kwa mwalimu, niseme:
haya, sahihisha na hii.
Lakini mwalimu Nyamizi ana watoto tisini na wanne
na kitabu kimoja kwa dawati la watano.
Na juzi jioni nilimkuta kwenye foleni ya bomba la chini,
viatu mkononi, dumu la njano miguuni,
macho yamemwiva kwa kusahihisha.
Aliniona nina mzigo wa mahindi, akanipisha mbele.

Basi nimetua ndoo. Nimepangusa mikono.
Tumekaa wawili juu ya kigoda kimoja,
tochi ya simu imeegemea bakuli la dagaa,
betri asilimia kumi na moja.
Kasheku wa jirani, yuko kidato cha pili sasa,
alituachia madaftari yake ya zamani;
tumepekua, tumepekua, hadi jibu hili hapa,
kwa mwandiko wa kuku aliyeparura:
chemchemi.

"Mama, chemchemi ni nini?"
Ni maji yanayotoka yenyewe chini ya jiwe.
Akaligeukia jabali letu, akaligonga kwa penseli.
"Na hili?"
Hili bado halijasema.
"Yanatoka yenyewe? Hayabebwi?"
Hayabebwi.
"Hayalipiwi?"
Hayalipiwi.
"Hayachoki?"

Nikamwambia aandike, betri inaisha.

Chemchemi. Chemchemi. Chenchemi, futa. Chemchemi.
Mara ya tano alishaanza kusinzia,
herufi zikauacha mstari, zikateremka
kama watu wanaoshuka mlima usiku
wameshikana mabega.
Nikaweka saini. Mkono ulikuwa bado na unyevu;
wino ukatawanyika, jina langu likawa
kidimbwi kidogo cha buluu
pembeni mwa neno mzazi.

Asubuhi, namfunga vifungo vya shati,
kimoja hakipo, nimeweka pini,
daftari likafunguka lenyewe magotini pangu.
Lile neno la kwanza hakulifuta.
Kalizungushia duara la penseli, hafifu,
duara la mtu ambaye hajakubali
ila hataki kugombana na mwalimu.

Kamrithi nani, sijui.
Nimechukua ndoo.